Vaelua na Masanduku ya Barafu

Ndege ilipolala ubavu kuuzunguka mlima, Lokeni alilishika sanduku la barafu lililokuwa mapajani mwake kama mtu anayemshikia mwenziwe mtoto mchanga: kwa adabu na kwa hofu. Sanduku lilikuwa tupu na halikuwa lake. Alikabidhiwa mjini Pago Pago na mwanamke asiyemjua, ambaye alimtazama toka kichwani hadi miguuni, akaridhika kwamba ana mapaja, akamwekea. Kwenye kifuniko palibandikwa utepe mweupe wenye maandishi ya wino: FUATINO. RUDISHA. Nyuma yake yalipangwa mengine ya namna hiyo, yakigongana kila ndege ilipotikisika, kila moja na jina lake. Tangu walipoondoka Pago rubani hakumsemesha. Alikuwa akigeuka mara kwa mara kuangalia kama masanduku yako salama.

Chini ulionekana msitu, kisha ukanda mwembamba wa mchanga, kisha uwanja wa ndege mfupi uliokatwa kati ya minazi, na mtu mmoja mwenye fulana ya njano akiwafukuza nguruwe kwa tawi. Lokeni alizaliwa Honolulu. Visiwa hivi vya Manu'a alivijua kwa masimulizi ya bibi yake tu, na katika masimulizi yale nguruwe hawakutajwa.

Kwenye benchi la kibanda cha uwanja alikuwa ameketi Vaelua, amevaa gauni jeupe na kofia ya Jumapili ilhali ilikuwa Jumanne, kikapu cha nguo miguuni. Aliisikia ndege kabla hajaiona. Kwa kweli hakuiona kabisa. Jicho lake la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho kwa muda mrefu, na sasa la kushoto nalo lilikuwa limeanza. Daktari wa macho huja Pago mara moja kwa mwaka, hukaa wiki moja, huondoka. Mwaka uliopita nesi alimwambia Vaelua bila kuzunguka: ukichelewa tena, sijui kama kutakuwa na kitu cha kutengeneza. Wiki yenyewe ilikuwa hii. Daktari angeondoka Jumamosi, na ndege huja Jumanne na Ijumaa tu.

Kijijini walilichukulia tatizo lile kwa namna yao. Kulikuwa na habari ya asubuhi ile Vaelua alipopita mbele ya kanisa, akasimama, akainama kidogo, akasema, "Mchungaji, habari za kuamka," na nguruwe mweusi wa Fuatino aliyefungwa pale akaguna kumjibu. Tangu siku hiyo nguruwe yule aliitwa Mchungaji Msaidizi, na watu walisema tangu apewe cheo ameacha utani. Tena kulikuwa na suala la karata. Fuatino, jirani yake na mke wa mpiga kengele, alikuwa akimshinda kila jioni, yeye ambaye zamani hakuweza kumshinda mtu.

"Nikirudi na macho yangu," Vaelua alikuwa akimwambia, "tutazihesabu upya karata zote tulizowahi kucheza."

"Nenda salama, mwenzangu," Fuatino alijibu. "Na uniombee nisamehewe kabla hujarudi."

Sasa Fuatino huyo alikuwa akija uwanjani na sanduku la barafu kichwani. "Ni samaki kidogo tu," alisema, "kwa binamu yangu pale Leone. Anajua unakuja." Nyuma yake alikuja mama mchungaji na mashelisheli yaliyookwa kwenye tanuri la mawe, bado ya moto. Kisha watu wa upande wa mashariki na magunia ya majimbi. Kisha mtu ambaye Vaelua hakumtambua mpaka alipokohoa, na majani ya majimbi yaliyopikwa kwa tui, "ya shemeji, amekonda sana huko mjini."

Anayepanda ndege hubeba. Ndivyo walivyofanya mama zao, na mama zao wakati watu wakisafiri kwa mitumbwi. Anayesema "sina nafasi" hutajwa kwa jina hilo mpaka wajukuu zake. Vaelua alipokea kila kitu, akashukuru, na kila aliposhukuru akasogea kidogo kwenye benchi.

Mpima mizigo alikuwa mpwa wake Elisara, yule yule wa fulana ya njano, maana uwanjani pale kazi zote ni zake. Mizani yake ilipimia nazi kavu enzi za babu zao.

"Panda, shangazi," alisema. "Vua kofia kwanza, isije ikatuongezea dhambi."

Alipanda. Mshale ukapanda naye, ukasimama mahali pa heshima. Kisha Elisara akaanza kupakia masanduku, na mshale ukaenda ukaenda, ukagonga mwisho wake, ukatetemeka pale kama mbwa aliyefungwa.

Rubani alikuwa mtu wa Tutuila, kisiwa chenye mji wa Pago, mwenye masharubu na maneno machache. Aliutazama mshale. "Mama au masanduku," alisema.

Hakuna aliyemwangalia Vaelua. Kila mmoja aliangalia sanduku lake, kwa upole, kama anavyoangaliwa mgonjwa. Kusema "masanduku yabaki" ni rahisi kwa mtu asiye na majirani. Vaelua alifungua kinywa akiwa na hakika kabisa ya atakachosema, na kinywa kikasema kitu kingine.

"Yaende masanduku. Mimi sina haraka."

Basi yakaenda. Sanduku la Fuatino lilifungwa mkanda kwenye siti ya Vaelua. Ndege ilipoinuka, Vaelua alipunga mkono kwa heshima upande ilikotokea sauti, na Elisara akamgeuza taratibu kwa mabega.

"Huko ni jenereta, shangazi."

Ndipo Lokeni, aliyekuwa amesimama muda wote na begi lake bila mtu kumtilia maanani, alipojikohoza. "Samahani. Natafuta mwongozaji wa kijiji cha kale. Niliambiwa anaitwa Vaelua."

"Alisafiri," Vaelua alisema, akikaa tena kwenye benchi. "Lakini amesharudi. Karibu, baba. Umekula?"

Kijiji cha kale cha Maluafa kiko ng'ambo ya rasi, mwendo wa kutoa jasho. Watu walikihama baada ya kimbunga, zamani, wakaacha misingi ya mawe ya nyumba zao, barabara ya mawe kati yake, visima na makaburi. Vaelua alirithi ufagio wa pale kutoka kwa mama yake. Kufagia alifagia vizuri, hata gizani angefagia. Kusimulia ndiko kulikokuwa na mambo. Mama yake alimwachia hadithi chache, na wageni wanapenda hadithi nyingi, kwa hiyo Vaelua aliziongeza kidogo kila mwaka, kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi.

"Hapa," alisema Jumatano, akipiga jiwe kwa ncha ya ufagio, "aliketi binti wa chifu akimsubiri mchumba wake aje kwa kuogelea."

"Asubuhi ulisema hapa palikuwa jiko," Lokeni alisema. Alikuwa mtu wa umri wa kati, mpole, mwenye kofia kubwa na swali kila hatua.

"Asubuhi palikuwa jiko. Kwani binti wa chifu hali?"

Lokeni alicheka. Halafu akavua kofia. Alisema bibi yake alizaliwa hapa, alichukuliwa angali mtoto wa kubebwa mgongoni, na mpaka anakufa alikuwa akieleza nyumba iliyotazama bahari, yenye mchungwa mlangoni. Yeye hakuwa amekuja kwa ajili ya mabinti wa machifu. Alitaka aone pale tu.

Vaelua aliacha utani. Nyumba ile aliijua. Mama yake alimwonyesha. Alitangulia kwa miguu, akihesabu mawe kwa nyayo, akapinda kwenye kisima, akapinda tena, akasimama mbele ya kitu cha kijivu kilichoinuka kutoka kwenye ukungu wa macho yake. "Ni hapa, baba." Akarudi nyuma ili kumwachia nafasi. Lokeni alipiga magoti. Aliweka ua juu ya jiwe, akaweka paji la uso juu ya ua, akalia kwa muda, na Vaelua naye akalia, maana hakuwahi kumwacha mgeni alie peke yake.

Jioni ile Fuatino aliposikia mahali penyewe, karata zilimwanguka mkononi.

"Baada ya kisima mlipinda kulia?"

"Kulia."

"Mwenzangu. Kulia ni zizi la nguruwe. Nyumba iko kushoto."

Fuatino alijaribu kujizuia, akaziba kinywa kwa kanga, akashindwa, akaenda kucheka nyuma ya nyumba ili kuwa na heshima. Aliporudi alimkuta mwenzake hajasogea.

"Miaka yote ile nimeshika ufagio," Vaelua alisema. "Na nimemfanya mtoto wa watu alilie nguruwe."

"Ni nguruwe wa zamani," Fuatino alisema, akitafuta cha kufariji. "Walikuwa nguruwe wa ukoo mzuri."

Vaelua hakucheka. Kuibiwa kwenye karata alikuwa amekuzoea. Hili lilikuwa jingine: ikiwa hawezi tena kuitambua nyumba iliyotazama bahari, basi baada ya mwaka mwingine ufagio ule utafagia nini, na nani atajua kushoto ni wapi? Usiku huo wakati wa kulala aliamua. Ijumaa ataondoka, na hatamwambia mtu yeyote. Atabeba ufagio begani na kikapu mkononi kama mtu anayekwenda Maluafa, atakunja kona kwenye mnazi uliolala, atatokea uwanjani, atapanda ndege, na masanduku yatapata habari yeye ameshafika mbali.

Mpango ulikuwa mzuri. Uliharibiwa na kofia. Kofia ya Jumapili ilikuwa imelowa jasho tangu Jumanne, naye aliianika kwenye kamba Alhamisi mchana, akidhani kwa kuwa yeye haioni vizuri, na wengine hawaioni. Hakuna mtu duniani anayeanika kofia ya Jumapili siku ya Alhamisi. Mpaka wakati wa sala ya jioni, kengele ya mtungi wa gesi ilipogongwa na kila mtu akaingia ndani, kijiji kizima kilikuwa kikisali kwa jicho moja kwenye tanuri la mawe. Alfajiri moshi ulifuka toka nyumba zote.

Alipotokea uwanjani na ufagio wake begani, Vaelua alisikia harufu ya majani ya majimbi kabla ya kusikia sauti.

"Tulijua utasahau kutuaga," alisema mama mchungaji bila kinyongo. "Umri."

Masanduku yalipangwa kutoka kibandani hadi mnazini. Fuatino alikuwa na mawili safari hii. Binamu wa Leone alituma salamu kwamba samaki walikuwa watamu ila wachache. Hata Chifu Lauvao alikuwapo, mzee mwenye kiuno kipana na sauti ya kanisani, fimbo yake ya hotuba mkono mmoja na usinga wa nyuzi za nazi begani, kwa sababu hakuwahi kutoka nyumbani bila vitu hivyo, asije akakutana na nafasi ya kusema. Kwenye benchi kando yake kilikuwapo kikapu kilichofunikwa.

"Hiki si mzigo, Vaelua," alisema. "Ni kaa wa nazi mmoja tu, yu hai na magando yake yote, nimemfunga mwenyewe. Ni wa mdogo wangu. Nakuamini wewe peke yako."

"Nashukuru, mheshimiwa," Vaelua alisema, akaweka kikapu chake cha nguo kwenye benchi.

Lokeni alikuwa amekuja kumuaga. Vaelua alimvuta kando.

"Baba, nina neno. Pale ulipolia si nyumbani kwa bibi yako. Ni zizi la nguruwe. Nyumba iko kushoto mwa kisima. Mchungwa bado upo."

"Najua," Lokeni alisema. "Mama Fuatino aliniambia jana. Nilikwenda asubuhi hii."

"Ukalia?"

"Nilijaribu. Nilikuwa nimeshamaliza yote kwa nguruwe."

Vaelua alimshika mkono. Ngurumo ya ndege ilikuwa imeanza kusikika nyuma ya mlima. Elisara alishika tawi lake, akaenda kwa Mchungaji Msaidizi na jamaa zake waliolala katikati ya njia. Kisha Vaelua alimsikia Chifu Lauvao nyuma yake akimnong'oneza mchungaji, kwa sauti iliyofika baharini, kwamba ni aibu kijiji hakijampokea mgeni huyu rasmi, kwamba Jumanne watu walishughulika na masanduku, kwamba wafanye Jumamosi, ikiwa patapatikana chakula.

Vaelua alisimama akisikiliza. Alikuwa na sura ya mtu aliyepewa karata nzuri na hataki Fuatino ajue.

"Elisara," aliita, "niletee mkeka wa kibandani."

Aliutandaza kivulini, akausawazisha kwa mguu, akamkalisha Lokeni katikati. "Kunja miguu," alimnong'oneza. "Usicheke. Chochote utakachoambiwa, kubali." Kisha akalisukuma sanduku la kwanza mpaka mbele ya magoti yake. Kisha la pili. Elisara alimtazama shangazi yake, akafikiri kidogo kwa uso wake wote, halafu akatupa tawi na kuanza kumsaidia mbio mbio.

"Mnafanya nini?" aliuliza Fuatino.

Vaelua alimgeukia chifu, yaani aligeukia mahali palipotoka harufu ya mafuta ya nazi, na kwa bahati alikuwa yeye.

"Mheshimiwa Lauvao," alisema kwa sauti ya kikao, "mjukuu wa Maluafa amelala kwetu siku zote hizi hajapokelewa. Leo kijiji chote kiko hapa. Chakula kiko hapa, cha moto. Fimbo yako iko hapa. Mimi mwanamke tu sijui mambo haya, lakini naona kama kila kitu kimesimama kinakungoja wewe."

Ndege iligusa ardhi. Chifu Lauvao aliyatazama masanduku, akayatazama magunia ya majimbi. Alikuwa anaelewa vizuri sana kinachofanyika; hakuwa mjinga. Lakini pia alikuwa na hotuba ambayo tangu Jumanne ilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Mkono ulipanda wenyewe, ukaurusha usinga kutoka bega la kulia kwenda la kushoto.

"Mwana wetu uliyevuka maji," alianza.

"Mungu wangu," alisema Fuatino. "Samaki wa binamu."

"Nyamaza, mama," mumewe alimwambia. "Ameshasema 'mwana wetu'."

Na kweli, hapakuwa na kurudi nyuma. Chakula kikishawekwa mbele ya mgeni, na fimbo ikishasimama, hakuna mkono unaoweza kukigusa ila wa mgeni mwenyewe. Lokeni alikaa kama alivyoelekezwa, miguu imekunjwa, uso mkavu, kofia kubwa mapajani, huku nyuma yake mama mmoja akiliaga kwa macho sanduku la shemeji aliyekonda. Chifu alikuwa bado kwenye mababu wa kwanza. Alikuwa na mababu wengi.

Rubani alishuka, akatazama umati, akatazama mizani tupu. "Leo hakuna mzigo?"

"Mimi tu," Vaelua alisema. "Na nguo zangu." Aliupapasa ukingo wa benchi, akapata mshikio wa kikapu, akakinyakua. Vikapu vya kijiji kile vyote husukwa na Fuatino, kwa mtindo mmoja na kifuniko kimoja. Alipanda mizani. Mshale ukapanda mpaka mahali pa heshima na kidogo zaidi, ukatulia.

"Umenenepa tangu Jumanne, shangazi," Elisara alisema.

"Ni wasiwasi. Nipishe."

Fuatino alimfikia kwenye ngazi ya ndege, akihema. Vaelua alijiandaa kwa matusi.

"Wewe ni mwizi," Fuatino alisema. "Umeniibia samaki masanduku mawili mbele ya mchungaji na chifu." Kisha akamweka sawa kola ya gauni. "Waambie wakutengeneze yote mawili. Sitaki kucheza na mtu wa nusu. Na yule mgeni wako ataanza kugawa sasa hivi, nami nimekaa karibu na mashelisheli ya mama mchungaji, kwa hiyo usiniwaze."

Mlango ulifungwa. Vaelua alifungwa mkanda kwenye siti ambayo Jumanne ilikaliwa na samaki, na bado ilinukia samaki. Ndege ikakimbia kwenye majani, ikaruka. Chini yake, katikati ya doa la rangi nyingi ambalo kwake halikuwa watu wala masanduku, Chifu Lauvao alikuwa amefika kwenye sentensi yenyewe: chakula hiki chote, mwana wetu, ni chako. Lokeni, ambaye alishafundishwa, alikubali. Kisha akasimama, na kwa sababu mgeni mwenye chakula kingi namna ile ana jambo moja tu la kufanya, alianza kuwagawia wote, kila mtu cha mwenzake. Alikuwa amepanga kukaa kisiwani wiki mbili. Mashelisheli yalipofika nusu alikuwa ameshapewa kitanda katika nyumba nne. Mwishoni kabisa alifungua kikapu kilichobaki kwenye benchi, akatoa kofia ya Jumapili, na chifu akanyamaza kwa mara ya kwanza siku ile.

Lakini hayo Vaelua hakuyajua. Alikuwa juu ya bahari, kikapu mapajani, akijipanga namna ya kumwelezea daktari kuhusu zizi. Kikapu kikatikisika. Alidhani ni ndege. Kikatikisika tena, na kitu ndani yake kikakwaruza ukili pole pole, kama mtu anayetafuta mlango. Vaelua aliingiza kidole chini ya kifuniko, akagusa kitu kigumu, chenye nywele, kisichofanana na gauni lolote alilowahi kushona. Akakitoa kidole upesi. Akafikiri. Juu ya kifuniko akaweka kwanza mkono mmoja, kisha wa pili, kisha akaegemea kwa uzito wake wote ambao mizani ya Elisara ilikuwa imeusifu.

Rubani aligeuza kichwa. "Mama, mzigo wako unakuna."

"Ni gauni langu la Jumapili," Vaelua alisema. "Halijawahi kufika mjini. Wewe angalia mbele, baba, ndiyo kazi yako."